Kabla hujaweka biti kwenye preludi ya Bach, hesabu mbili, tatu, tatu

Walimu wa kwaya na vijana wa studio wa Iringa na Mbeya, hili swali mnaniletea sana kituoni: mwalimu, nataka nichukue wimbo wa piano wa zamani nitoe vesheni yangu, naanzia wapi? Wengi mnaanzia kwenye biti. Unawasha kinanda, unachagua ridhimu, unapachika melodi juu, afu vitu viwili vinapigana mpaka mwisho.

Tuchukue preludi (kipande kifupi cha kinanda) ya C meja ya Bach, mtunzi wa Kijerumani, ya 1722. Kwa sol-fa (do re mi) bari ya kwanza, yaani kipimo cha kwanza cha wimbo, ni do mi, so do mi, so do mi, inarudiwa mara moja, basi. Ya pili do re, la re fa, la re fa. Ya tatu ti re, so re fa, so re fa. Ya nne unarudi nyumbani, sawa na ya kwanza. Sasa sikiliza besi, sauti ya chini kabisa, peke yake: do, do, ti, do. Na sauti ya juu kabisa: mi, fa, fa, mi. Hiyo ndo mifupa, ukiivunja hiyo wimbo umekufa, ila zile noti za katikati unaweza kuzivalisha nguo nyingine kabisa. Mtunzi Gounod kule Ufaransa mwaka 1853 aliiacha preludi karibu yote ilivyo akaweka melodi mpya juu yake, na ndo ile Ave Maria mnayoimba kwenye harusi.

Halafu hesabu makundi ya noti: mbili, tatu, tatu. Biti imo humo humo tayari! Mpe mpiga ngoma hiyo mbili tatu tatu aipige taratibu, utaona watu wanaanza kutikisa mabega bila kuambiwa.

Mimi ningeweka ligombo la Wahehe katikati, sababu ni la nyuzi za kudonoa na Bach hapa anadonoa tu, besi wa kwaya washike mstari wa chini, soprano wahamu ule wa juu. Shida itakuja bari ya 6, kuna fi pale (fa iliyopandishwa nusu sauti), na kama ligombo lako halina hiyo sauti usilikaze nyuzi kwa nguvu jamani, wape alto waiimbe.

Haki: sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo, Bach alifariki 1750 kwa hiyo uko huru. Ila ile rekodi ya mpiga piano uliyoidaunlodi ina haki zake yenyewe, usiikate ukaipachika kwenye kazi yako, piga upya kwa mikono yako, afu vesheni yako kaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Na kama nyumbani kuna ligombo la babu linakaa tu darini, njoo nalo kituoni, tulitune tuone lina sauti zipi, ndo tuchague ki, yaani do yetu ianzie wapi.