Ridhaa si sahihi ya shemeji

Juzi kwenye daladala ya kutoka Mwanga kwenda Ujiji, hapa Kigoma, nimelisikia tena kosa lile la neno ridhaa. Kijana mmoja anaongea na simu: "Shemeji keshatoa ridhaa, dada anaingia chumba cha upasuaji saa nne." Halafu akacheka: dada mwenyewe tangu asubuhi anagombana na wauguzi, kwa nini wamemnyima uji.

Ridhaa ya matibabu ni mgonjwa mwenyewe kukubali, kwa hiari, akiwa ameelezwa anaumwa nini, atafanywa nini na kuna hatari gani. Basi.

Kinachonikera ni kuichanganya na idhini. Yote mawili asili yake Kiarabu, lakini ukoo mbalimbali. Idhini ina shina moja na adhana na muadhini, shina lenye sikio ndani yake: mwenye mamlaka amesikia ombi, akasema haya, endeleeni. Ridhaa ni ndugu yake radhi, kuridhika, maridhiano. Hiyo makao yake ni moyoni. Mkuu wa kazi anakuidhinishia likizo hata akiwa amenuna, ila hawezi kuridhika kwa niaba yako.

Wazee wa Ujiji penye ndoa hawakosei. Baba ni walii, ndiye anayeozesha, lakini binti huulizwa kama ameridhia. Ukirudi na jibu kwamba baba yake amefurahi sana, utarudishwa ndani ukaulize tena.

Majaji wa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1947, walipowahukumu madaktari wa Kinazi waliowafanyia wafungwa majaribio, sharti la kwanza walilotaja ni ridhaa ya hiari ya mtu mwenyewe. Walizungumzia majaribio, si matibabu, ila mwili ni ule ule.

Mtoto mdogo huridhiwa na mzazi, sawa. Aliyezimia na hali ni ya dharura, daktari aokoe uhai kwanza. Lakini bibi kutoka Buhigwe anayesikia Kiha tu, akaelezwa kwa Kiswahili cha haraka, akaitikia "ee" kwa kuliheshimu koti jeupe na kubonyeza dole gumba kwenye karatasi, hapo mmepata alama ya wino.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa daladala, nadhani ulitaka kusema shemeji ametia sahihi. Ridhaa iko kwa dada, na kama hadi saa hiyo hajui kwa nini kanyimwa uji, sidhani kama kuna mtu amekaa naye kumweleza hayo mengine.