Umeme wa gesi na umeme wa maji, upi una nguvu zaidi?

Kila tunapotoka chuoni kwetu kwenda kuzungumza na wanafunzi wa fizikia katika shule za sekondari za Mtwara na Lindi, kuna swali halikosi. Safari ya mwisho aliliuliza binti wa kidato cha tatu aliyekaa dawati la nyuma kabisa: "Mwalimu, umeme wetu huku ni wa gesi, wa Kidatu ni wa maji. Upi una nguvu zaidi?" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana nusu ya mada ya umeme na sumaku imo humo ndani ya swali lake.

Gesi haigeuki umeme. Gesi ya Mnazi Bay, huku Mtwara, iliyogunduliwa mwaka 1982, inaungua ndani ya injini, injini inazungusha mhimili, na mhimili unazungusha sumaku katikati ya koili za shaba, yaani waya uliosokotwa mizunguko mingi. Basi. Maji ya bwawa la Kidatu, mkoani Morogoro, nayo yanazungusha, ila yenyewe yanasukuma turbini. Ukifika kwenye soketi yako huwezi kujua sumaku ilizungushwa na nini. Sola peke yake ndiyo iko nje ya ukoo huu, kwa kuwa paneli haina kitu kinachozunguka.

Na elektroni zenyewe hazisafiri kutoka mtamboni hadi kwako kama maji ya bomba. Zimo tayari ndani ya waya wa shaba, tangu waya ukiwa dukani. Mtambo kazi yake ni kuzisukuma, na kwa umeme wetu wa majumbani zinasukumwa mbele na kuvutwa nyuma mara 50 kila sekunde. Msukumo huo ndio volteji. Wingi wa chaji inayopita kwa sekunde ndio mkondo, na ugumu wa njia ndio ukinzani. Mjerumani Georg Ohm aliunganisha vitu hivyo vitatu mwaka 1827, na kanuni yake mnaijua: volteji ni mkondo mara ukinzani. Hapo sina haja ya kukaa sana, ila kwenye jambo moja ambalo wengi wanalikosea, nalo ni "umeme mdogo".

Chukua birika la umeme la wati 2000. Kwenye volti 230 linavuta ampea 8.7 hivi, na ukinzani wake ni kama omu 26.5. Ikifika saa mbili usiku volteji imeshuka hadi 180. Mwanafunzi akiulizwa, husema: volteji imepungua kwa asilimia 22, basi na joto limepungua hivyohivyo. Hapana. Volteji ikishuka, mkondo nao unashuka, na nguvu ni mkondo mara volteji, kwa hiyo umepigwa mara mbili. Chukua 180, zidisha kwa 180, gawanya kwa 26.5: unapata wati 1220 hivi. Karibu asilimia 39 ya joto imepotea, ndiyo maana chai ya usiku inachelewa. Yuniti za LUKU, ile mita ya kulipia kabla, nazo zinakwenda polepole zaidi kwa dakika, lakini birika linakaa muda mrefu zaidi, kwa hiyo huoni nafuu yoyote. Friji ni kesi nyingine: mota yake ikikosa volteji huvuta mkondo mkubwa zaidi ili izunguke, ikapata moto, na mara nyingi kompresa ndiyo inayoondoka.

Sasa sumaku. Mwaka 1820 huko Denmark, Hans Christian Ørsted aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya unaopitisha mkondo. Kabla ya hapo umeme ulikuwa somo lake na sumaku somo lake. Dira mabaharia wa Mikindani wanaijua tangu zamani, ila ina mambo mawili ambayo hata wao hawana haja ya kuyawaza. La kwanza, ncha ya kaskazini ya sindano inavutwa kuelekea kaskazini, na ncha zinazofanana husukumana. Kwa hiyo sumaku kubwa iliyomo ndani ya dunia ina ncha yake ya *kusini* upande wa kaskazini. La pili, ukining'iniza sindano ya sumaku kwa uzi hapa Mtwara ikawa huru kabisa, haitalala sawa. Ncha yake ya kusini itainama kuelekea chini, kwa sababu tuko kusini mwa ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo sindano kama hiyo hulala sawa.

Ørsted alionyesha kwamba mkondo unazaa sumaku. Ikabaki swali la kinyume chake: sumaku inaweza kuzaa mkondo? Watu waliweka sumaku kubwa pembeni mwa waya wakasubiri. Hakuna kitu. Michael Faraday wa Uingereza alipata jibu mwaka 1831, na mimi nililipata kwa uchungu nikiwa kidato cha tatu.

Nilifungua redio mbovu ya marehemu babu nikatoa transfoma yake, ile inayopokea volti 230 na kutoa 12. Nikajiambia, basi nikiigeuza, nikaingiza 12 za betri ya gari, upande wa pili zitatoka 230 na taa itawaka. Nikaunga. Taa haikumetameta hata kidogo. Transfoma ikaanza kupata moto, harufu ya vanishi ikajaa chumbani. Nikatoa taa nikidhani imeungua, nikashika zile waya mbili kwa vidole nizikague, na wakati huohuo mdogo wangu, kwa kuogopa moshi, akachomoa betri. Nilipigwa shoti iliyofika begani.

Nilikaa na jambo lile muda mrefu. Betri ilipokuwa imeungwa, sikupata kitu. Ilipo*chomolewa*, nikapigwa! Msijaribu, lakini lielewe vizuri, maana kanuni ya Faraday yote iko hapo. Mkondo wa betri umetulia, kwa hiyo uga wa sumaku, yaani nguvu ya sumaku iliyoenea ndani ya chuma cha transfoma, nao umetulia, na sumaku iliyotulia haizai umeme. Waya ilipochomolewa, uga ule ulianguka kufumba na kufumbua. Volteji inayozaliwa hufuata *kasi ya kubadilika* kwa uga, pamoja na idadi ya mizunguko ya koili. Ukubwa wa sumaku peke yake hauzai kitu. Bodaboda wanaishi kwa kosa langu lile: kwenye koili ya pikipiki mkondo hubadilika ghafla, na upande wa pili zinatoka volti maelfu, cheche ikaruka kwenye plagi.

Kutoka hapo transfoma ya mtaani haina fumbo tena. Mkondo wake unageuka daima, uga unageuka daima, na koili ya pili haipumziki. Chuma kilicho katikati hutanuka na kujikunja kidogo mno kila kinapopata usumaku, na hilo hutokea mara mbili katika kila mzunguko wa mkondo. Mkondo ni wa mizunguko 50, kwa hiyo ule mvumo unaousikia ukipita chini ya nguzo usiku ni mitikisiko 100 kwa sekunde.

Kwa nini tunahangaika kupandisha volteji kisha kuishusha? Piga hesabu. Tuseme kijiji kinahitaji kilowati 100, na waya wa kukifikia una ukinzani wa omu 5. Ukituma kwa volti 400, unahitaji ampea 250. Joto linalopotea njiani ni mkondo mara mkondo mara ukinzani: wati 312,500. Hasara imezidi mzigo wenyewe mara tatu, yaani jambo haliwezekani kabisa. Tuma kwa volti 33,000, mkondo unakuwa kama ampea 3, hasara kama wati 46, chini ya taa moja ya zamani. Nimerahisisha, njia halisi ina waya tatu na hesabu yake ina nyongeza kidogo, lakini picha haibadiliki.

Baada ya kipindi yule binti alinifuata nje na swali la pili, zuri kuliko la kwanza. Kama sumaku inazunguka tu, na sumaku haiishi, gesi inaliwa na nini? Mlinzi wa shule alikuwa na baiskeli ya zamani yenye dainamo. Tukaipindua, nikachomoa waya wa taa, nikamwambia azungushe pedali kwa mkono. Ikaenda kwa wepesi. Nikarudisha waya, taa ikawaka, na papo hapo mkono wake ukapunguza mwendo. "Imekuwa nzito," akasema. Dainamo ileile, sumaku ileile. Kilichoongezeka ni mkondo, na mkondo ule unajenga uga wake unaopinga mzunguko unaouzaa. Hiyo ndiyo kanuni ya Lenz, ambayo kwenye daftari lake alikuwa ameiandika kwa Kiingereza safi kabisa na kuipigia mstari.

Jioni watu wa Mtwara wanapowasha taa na feni, injini kule mtamboni zinaupata uzito uleule alioupata mkononi. Mwendo unataka kushuka, kidhibiti kinafungua gesi zaidi.