Je, wajua kwa nini visiwa vya Ugiriki hupigwa na upepo mkali kiangazi, tena mbingu ikiwa safi?

Anayehamia kisiwa kama Naxos au Paros, katikati ya Bahari ya Aegean, hujiandaa kwa jua la Julai. Kinachompokea ni upepo. Hakuna wingu, hakuna dalili ya mvua, lakini milango inajibamiza, na nguo zilizoanikwa bila vibanio vya kutosha huokotwa kwa jirani. Mikahawani, vitambaa vya meza hubanwa pembeni visije vikapeperuka. Wenyeji huuita upepo huo meltemi. Huanza kuchangamka Juni, hupamba moto Julai na Agosti, na unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo, mara nyingi ukipungua usiku tu.

Unatoka wapi, ilhali hakuna dhoruba? Chanzo chake kimoja kiko mbali sana, na watu wa pwani yetu wanakifahamu bila kujua. Kiangazi, bara la Asia hupata joto kali. Hewa iliyo juu ya ardhi ile hupanuka na kupanda, ikaacha eneo pana la mgandamizo mdogo juu ya Pakistani na India ya kaskazini, ambalo mkono wake hufika Iran hadi Uturuki. Wakati huohuo, juu ya nchi za Balkani mgandamizo huwa mkubwa. Hewa hukimbilia penye mgandamizo mdogo, lakini mzunguko wa dunia huipinda kuelekea kulia, kwa hiyo badala ya kwenda moja kwa moja mashariki huteremka Aegean kutoka kaskazini. Nayo ni hewa kavu. Ndiyo maana haiji na mvua.

Eneo hilohilo la Asia ndilo linalovuta kusi, upepo uliosukuma majahazi kutoka Zanzibar na Lamu kwenda Oman na India, na unaoleta manyunyu ya msimu uitwao khareef kule Salalah, kusini mwa Oman. Kusi huvuma kutoka kusini, meltemi kutoka kaskazini, na zote mbili zinaitikia joto moja. Kwangu mimi, hili linashangaza kuliko mandhari yote yanayopigwa picha visiwani humo.

Mgeni hujifunza haraka kuuliza swali ambalo kila mtu huuliza asubuhi: leo Beaufort ngapi? Hicho ni kipimo cha nguvu ya upepo. Ukifika 8, yaani kilomita 62 hadi 74 kwa saa, kwa kawaida mamlaka ya bandari huzuia meli kuondoka, na boti ziendazo kasi husimamishwa mapema zaidi. Anayejua mambo haachi safari ya ndege ya Athens iangukie siku ileile anayovuka bahari. Huondoka kisiwani jana yake.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wageni. Mtu hukimbilia ufuo wa kusini, akidhani mlima utamkinga. Mara nyingi humkinga, lakini panapo mlima mrefu, kama Zas wa Naxos wenye mita 1,004, upepo unaweza kuvuka kileleni na kuporomoka upande wa pili kwa vishindo vikali kuliko vya upande uliotoka. Waogeleaji na wenye boti ndogo huuliza wavuvi kwanza.

Oktoba ikiisha, hoteli nyingi hufungwa na safari za meli hupungua. Upepo wa majira ya baridi hauna mpangilio: leo wa kusini na mvua, kesho wa kaskazini. Unyevu huingia ukutani, na aliyepanga nyumba Agosti bila kuuliza inapashwaje joto huanza kutafuta kuni. Afueni huja mara nyingi Januari, katika siku chache za jua na bahari shwari ambazo Wagiriki huziita Alkyonides. Hapo ndipo watu huanika magodoro, hupaka rangi madirisha yaliyoliwa na chumvi, na hupanda meli kwenda kumwona daktari Athens.