Pipi moja sasa au mbili baadaye: tunapima nini kwa mtoto?

Dhana: Mtoto anayeweza kusubiri pipi ya pili ndiye atakayefanikiwa maishani.

Chanzo chake ni jaribio la mwanasaikolojia Walter Mischel, lililoanza miaka ya 1960 katika chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mtoto alibaki peke yake na pipi laini mbele yake, akiwa ameambiwa na mtafiti: ukingoja nirudi bila kuila, utapata mbili. Miaka ikapita, waliovumilia wakaonekana kufanya vizuri zaidi kwenye mitihani.

Ila wengi wao walikuwa watoto wa jamii ya chuo hicho. Mtafiti Tyler Watts na wenzake walipochunguza watoto zaidi ya 900 wa hali mbalimbali, mwaka 2018, uhusiano huo ulikuwa mdogo zaidi, na ulipungua sana walipozingatia malezi na hali ya nyumbani.

Utafiti ninaoupenda ni wa mtafiti mwingine, Celeste Kidd, wa 2013. Kwanza mtu mzima aliwaahidi watoto vifaa vizuri vya kuchorea. Waliotimiziwa ahadi walisubiri pipi wastani wa dakika 12 hivi; waliodanganywa, kama dakika 3. Sasa huyu aliyekula mapema ana kasoro gani? Amepiga hesabu tu. Huko Cameroon nako, watoto wa kabila la Wanso wa miaka minne, waliowekewa andazi la kwao, waliwashinda kwa mbali kusubiri wenzao wa Ujerumani.

Dhana: Uvumilivu na bidii mtu huzaliwa navyo.

Mradi wa chekechea wa Perry, jimbo la Michigan, Marekani, ulianza 1962 na watoto 123 wa familia maskini, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Waliosomeshwa chekechea walipanda kwenye vipimo vya akili, kisha tofauti ikafutika. Hata hivyo, ukubwani walikuwa na kipato bora na kukamatwa na polisi mara chache. Mchumi James Heckman na wenzake waliona sehemu kubwa ya faida hiyo ilipitia kwenye tabia iliyoboreka, si kwenye akili.

Dhana: Basi, kupima tabia hizi, tumpe mwalimu dodoso ajaze.

Rahisi mno. Mwalimu humlinganisha mtoto na darasa lake: anayeitwa mtukutu shule hii, kwingine ni mtulivu. Watafiti wa ALiVE, mradi wa kupima stadi za maisha na maadili katika Kenya, Tanzania na Uganda, walitumia visa vya maisha ya huku, wakiwauliza vijana ana kwa ana. Ila walengwa walikuwa wa miaka 13 hadi 17. Wa darasa la kwanza hawakuwemo.