Ukishaiona Nyumba Mchana, Rudi Usiku

Kazi yangu ni kukagua majengo. Zamani niliitwa zaidi na wanunuzi, lakini siku hizi simu nyingi zinatoka kwa wapangaji ambao wameshalipa, wameshahamia, na sasa wanataka kujua kama kuna namna ya kurudishiwa pesa zao. Inaniuma, kwa sababu kasoro wanazonionyesha karibu zote zilikuwepo siku waliyokuja kuiangalia nyumba. Walikuja tu saa ambayo hazionekani.

Dalali hupenda kukupeleka asubuhi, watu wakiwa wameshakwenda kazini. Barabara imetulia, jua linaingia sebuleni, ukifungua bomba maji yanaruka kwa nguvu. Jioni jengo zima linarudi nyumbani, wote wanaoga na kupika kwa wakati mmoja, na nyumba ile ile inakuwa nyingine kabisa. Ndiyo maana mteja wangu yeyote nampa sharti moja: usilipe mpaka uwe umeiona nyumba mara mbili, na mara ya pili iwe usiku.

Kwenye maji nitakaa kidogo, maana ndiyo yanayowatesa wengi. Presha ya bomba lako inategemea urefu uliopo kati ya maji yaliyo tangini na bomba lenyewe. Kila mita 10 huleta takriban baa 1, yaani kipimo kimoja cha presha. Tangi likiwa juu ya paa, wa ghorofa ya chini ana mita nyingi juu yake. Wewe wa ghorofa ya juu kabisa una mita 2 au 3, yaani baa 0.2 au 0.3 tu, na kama hakuna pampu ya kuongeza nguvu, shawa itakudondoshea matone. Kwa hiyo nenda na ndoo ya lita 10. Iweke chini ya shawa, fungua hadi mwisho, hesabu kwa saa ya simu. Ikijaa ndani ya dakika 2, utaoga vizuri. Kisha mwombe mwenzako afungue bomba la jikoni wakati shawa inaendelea kutoka, uone inapungua kiasi gani. Fanya hivyo jioni. Kipimo cha asubuhi hakikuambii kitu.

Jambo la pili ni kuta, na hapa rangi mpya isikulevye. Niliwahi kumsindikiza mteja kwenye nyumba ya chini iliyokuwa imepakwa rangi wiki hiyo hiyo. Ilikuwa inang'aa. Nikachuchumaa pembeni ya mlango wa chumba cha kulala, nikaangalia ukuta kwa ubavu huku nikiumulika kwa tochi ya simu. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti rangi ilikuwa imetuna vilengelenge vidogo kama ngozi iliyoungua. Nikapitisha ukucha, kikabanduka kipande, na chini yake kukawa na unga mweupe. Ule unga ni chumvi. Maji ya ardhini hupanda ukutani kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, yakibeba chumvi za udongoni; yakifika juu hukauka, chumvi ikabaki na kuisukuma plasta kutoka ndani. Ukipaka rangi upya umefunika tu, baada ya miezi michache inarudi.

Si kila alama ya maji ni ya kukimbia. Doa la mviringo darini lenye ukingo wa kahawia ni maji yaliyovuja kutoka juu, na mwenye nyumba akitengeneza bomba au paa limekwisha. Vitone vyeusi kwenye kona au nyuma ya kabati mara nyingi ni ukungu unaotokana na hewa isiyozunguka. Angalia kama chumba kina madirisha yanayofunguka kweli, ikiwezekana ya pande mbili. Lakini unyevu unaopanda kutoka chini hautibiwi kwa ahadi ya "nitarekebisha ukishahamia". Hapo huwa namwambia mteja tuondoke.

Umeme na gesi nitavipitia haraka, ingawa ndivyo vinavyoua. Kwenye boksi la umeme tafuta swichi ya kukata umeme unapovuja, yenye kitufe cha kujaribu. Ukikibonyeza, umeme ukatike papo hapo. Na kama bafuni kuna hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi nje, usiikubali nyumba hiyo hata kwa siku moja. Gesi yake ya sumu, monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu.

Wengi husema kodi isizidi asilimia 30 ya kipato. Kipimo hicho kimetokana na sheria za nyumba za umma za Marekani, ambako mwaka 1969 kikomo kilikuwa asilimia 25, na mwaka 1981 kikapandishwa hadi 30. Hakijali nauli. Ukipata nyumba nafuu iliyo saa moja na nusu kutoka kazini, kwenda na kurudi kwa siku 22 ni saa 66 kila mwezi ukiwa barabarani. Jumlisha kodi na nauli pamoja, halafu ndipo ulinganishe nyumba mbili. Na safari hiyo uijaribu mwenyewe asubuhi ya siku ya kazi.

Kuhusu pesa, kumbuka kwamba mwenye funguo si lazima awe mwenye nyumba. Kuna matapeli wanaopanga nyumba kwa siku chache, wanajifanya wamiliki, wanachukua amana kwa watu kadhaa na kutoweka. Omba kuona kitambulisho na hati au bili yenye jina hilo hilo, kisha uwaulize majirani nyumba ni ya nani. Akikwambia ulipe sasa hivi kwa sababu kuna mwingine njiani, mwache huyo mwingine aichukue. Siku ya kupokea funguo piga picha kila ukuta, pamoja na namba za mita za maji na umeme. Nimeona wapangaji waungwana wakipoteza amana yote kwa kukosa picha moja ya siku ya kwanza.

Mwezi uliopita mteja mmoja alinipigia saa tano usiku. Alikuwa amesimama kwenye chumba kitupu, taa zimezimwa, kama nilivyomwelekeza.

"Fundi, hapa kuna kitu kinanguruma ukutani."

"Weka mkono ukutani. Unatetemeka?"

"Unatetemeka."

Nikamwambia ashuke akamuulize mlinzi. Ilikuwa pampu ya maji ya jengo, na huwashwa kila usiku hadi saa tisa. Kesho yake akaomba aonyeshwe nyumba ya upande wa pili wa ngazi, kwenye jengo hilo hilo, kwa kodi ile ile. Ameshahamia.