Nyayo za Laetoli zimefukiwa makusudi, na hapana, yule mjusi wa Tendaguru sio babu yetu

Tangu shule zifunge simu hazikatiki hapa ofisini na malalamiko makubwa ni mawili tu. La kwanza, "nimetoka Arusha mpaka Laetoli nimekuta mawe yamerundikwa, nyayo ziko wapi?" Hizo nyayo za viumbe wa kale wa ukoo wetu ziko hapohapo chini ya hayo mawe ndugu yangu. Miaka ya 90 mizizi ya migunga ilishaanza kupasua lile tabaka la majivu, zikafunguliwa, zikatibiwa, zikafukiwa tena. Angalia nakala pale makumbusho, umbo ni lilelile.

Tena ukiiangalia hiyo nakala tazama dole gumba. Sokwe dole lake limetengana na wenzake kama la mkono maana analitumia kushika tawi, la Laetoli limelala sambamba na mengine, na kisigino kimezama kwanza kama chako ukitembea kwenye tope. Hiyo ni miaka milioni 3.66 iliyopita, majivu ya volkano yakiwa bado mabichi. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey na timu yake walizichimbua kuanzia 1978. Sasa wale waliokanyaga pale ubongo wao ulikuwa kama theluthi ya wetu, yaani miguu ilitangulia na kichwa kikafuata baadaye sana, watu wanadhani kinyume chake na ukiwaambia wanakubishia.

Na kila mwaka naulizwa mbona sokwe wa Gombe hawageuki kuwa watu. Jamani. Sokwe ni binamu, binamu yako hageuki kuwa wewe, mna babu mmoja tu huko nyuma, miaka milioni 6 au 7 hivi. Na kwa wanaouliza kama mjusi wa Tendaguru ndiye babu yetu, yule dinosaria wa Lindi ambaye mifupa yake iko Berlin, ana miaka milioni 150 na hayumo kabisa kwenye ukoo wetu, siku zake wazee wetu walikuwa vinyama vidogo vyenye manyoya. Mambo ya imani ya mtu siingii humo, mimi nasoma mifupa.

Mwili wetu ni kama suruali ya mtumba iliyopelekwa kwa fundi, imepunguzwa, imekatwa, ila ukiigeuza ndani mishono ya zamani unaiona. Uti wa mgongo uliokuwa umelala kama boriti leo umesimamishwa uwe nguzo, ndo maana kiuno kinauma. Kifandugu ni shina la mkia. Mkono nao una mfupa mmoja juu, miwili chini, halafu vile vidogo vya kifundo, mpangilio huo ulishaanza kwenye pezi la samaki wa miaka milioni 375 aliyechimbuliwa Kanada 2004, anaitwa Tiktaalik. Hata ugonjwa wa ngiri (henia) ni urithi: papa korodani zake ziko juu kule karibu na ini, za mtoto wa kiume akiwa tumboni mwa mama nazo zinaanzia juu halafu zinashuka, na njia zinayopitia inabaki dhaifu kwenye ukuta wa tumbo, siku umebeba gunia utumbo unachungulia. Wanaosema ngiri inaletwa na madafu, madafu hayahusiki. Matibabu nawaachia madaktari, sio dawati langu.

Lalamiko la pili ni letu kwenu: mnaokota. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, pamoja na marekebisho ya 1979, inataka leseni kabla ya kuchimba, mtafiti anahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kutoa kitu nje ya nchi ni kibali kingine tofauti, kimoja hakifuti kingine. Kukiuka ni faini, kifungo au vyote viwili, na "nilikuwa sijui" haisaidii. Ukiona mfupa uliogeuka jiwe usiung'oe, mfupa ukishatoka kwenye tabaka lake umri wake tunaupimia wapi? Piga picha ukiweka kalamu pembeni ili ukubwa uonekane, kumbuka mahali, toa taarifa ofisi ya kijiji au kwa afisa utamaduni wa wilaya, watatufikishia. Kama ulishaokota leta tu, hatuna haja ya kugombana, ila tafadhali usiuoshe na wala usiupake vanishi.