Ibara ya 48 na kifo cha Jamhuri ya Weimar

Jamhuri ya Weimar ni jina tunaloipa Ujerumani ya kati ya mwaka 1919 na 1933, tangu ufalme ulipoanguka hadi Adolf Hitler alipojitwalia mamlaka yote. Ibara ya 48 ilikuwa sehemu ya katiba ya jamhuri hiyo. Ilimpa Rais uwezo wa kutawala kwa amri pale nchi inapokuwa hatarini. Ukiifuatilia ibara hii mwaka baada ya mwaka, unaona jinsi nchi yenye bunge, mahakama, magazeti huru na haki ya kila mtu mzima kupiga kura ilivyogeuka udikteta bila katiba yake kufutwa rasmi. Mara nyingi tunaambiwa kwa mkato kwamba Wajerumani walimchagua Hitler. Wengi walimpigia kura, ni kweli. Lakini katika uchaguzi huru hakuwahi kupata nusu ya kura, na waliomkabidhi dola ni watu wachache wanaojulikana kwa majina.

Jamhuri yenyewe ilizaliwa katika kushindwa vita. Tarehe 9 Novemba 1918 Kaisari Wilhelm II alipoteza kiti chake, na siku iliyofuata akavuka mpaka kwenda Uholanzi. Januari 1919 wananchi walichagua Bunge la Katiba, wanawake wakipiga kura kwa mara ya kwanza. Berlin ilikuwa imetoka tu kwenye mapigano ya mitaani, hivyo wabunge wakaenda kukutana Weimar, mji mdogo wenye utulivu, na jina la jamhuri likatoka hapo. Mwezi Juni ukasainiwa Mkataba wa Versailles. Ujerumani ilipokonywa makoloni yake yote, Tanganyika, Rwanda na Burundi zikiwamo, jeshi lake likapunguzwa hadi askari 100,000, na ikabebeshwa deni la fidia. Majenerali ambao wenyewe ndio waliodai vita visimamishwe wakaanza kueneza uongo kwamba jeshi halikushindwa, bali lilisalitiwa na wanasiasa nyumbani. Uongo huo uliua watu. Matthias Erzberger, aliyesaini usitishaji wa vita, alipigwa risasi mwaka 1921. Walther Rathenau, Waziri wa Mambo ya Nje na Myahudi, aliuawa mwaka uliofuata.

Katiba ilisainiwa tarehe 11 Agosti 1919, na kwa wakati wake ilikuwa miongoni mwa katiba za kidemokrasia zaidi duniani. Kando ya bunge, lililoitwa Reichstag, iliweka Rais anayechaguliwa moja kwa moja na wananchi kwa miaka 7. Rais huyo aliteua Kansela, yaani kiongozi wa serikali, na aliweza kulivunja bunge. Ibara ya 48 ikaongeza jambo la tatu: usalama wa umma ukivurugika vibaya, Rais achukue hatua zinazohitajika, atumie jeshi ikibidi, na asimamishe kwa muda haki saba za msingi, zikiwamo uhuru wa mtu kutokamatwa ovyo, uhuru wa kutoa maoni, wa kukutana na wa kuunda vyama.

Waliotunga katiba hawakuwa wajinga. Waliandika risasi zikisikika mitaani, na waliweka breki. Kila amri ya Rais ilihitaji pia saini ya Kansela au waziri. Bunge lilipaswa kujulishwa mara moja, na likiikataa amri, amri inakufa. Ibara yenyewe iliahidi kwamba sheria nyingine itatungwa kueleza mipaka ya mamlaka hayo. Sheria hiyo haikutungwa kamwe, na kwangu huo ndio uzembe mkubwa kuliko wote uliofanyika katika miaka ya amani.

Kosa la pili lilikuwa gumu kuliona, kwa sababu halikuwa ndani ya Ibara ya 48 peke yake bali katika namna ilivyoungana na ibara nyingine. Bunge likithubutu kufuta amri, Rais anaweza kulivunja bunge lenyewe. Uchaguzi unafanyika ndani ya siku 60. Katika siku hizo hakuna bunge la kupinga chochote, na Rais anaweza kuitoa tena amri ileile iliyokataliwa. Breki, basi, ilifanya kazi kwa hiari ya dereva.

Rais wa kwanza, Friedrich Ebert wa SPD, chama cha Wasoshalisti wa Kidemokrasia, aliitumia ibara hii zaidi ya mara 100. Mara nyingi nia yake ilikuwa kuilinda jamhuri, na maadui walikuwapo kweli. Machi 1920 wanajeshi waliteka Berlin katika jaribio la mapinduzi lililopewa jina la Wolfgang Kapp. Kati ya maofisa waliowaunga mkono waasi alikuwapo Paul von Lettow-Vorbeck, yuleyule aliyeongoza vita vya Wajerumani katika Afrika Mashariki, vita vilivyoua maelfu kwa maelfu ya wapagazi wetu kwa njaa na maradhi, kisha akapokewa Berlin kama shujaa. Jeshi lilikataa kuwapiga risasi wanajeshi wenzao. Kilichowaangusha waasi ni mgomo mkuu wa wafanyakazi.

Hata hivyo, mkono wa Ebert haukuwa sawa kwa wote. Oktoba 1923, katikati ya mfumuko wa bei uliofikisha dola moja ya Marekani kwenye mamilioni ya mamilioni ya marki, alitumia Ibara ya 48 kuiondoa serikali ya jimbo la Saxony, ambamo Wakomunisti walikuwa wameingia kihalali. Bavaria, iliyokuwa imejaa wanasiasa wa mrengo wa kulia waliokaidi Berlin waziwazi, haikupelekewa jeshi. Mwezi uliofuata Hitler alijaribu mapinduzi hukohuko Bavaria, mjini Munich. Hakimu alimpa kifungo cha miaka 5, naye akatoka Desemba 1924, kabla ya kutimiza hata mwaka mmoja tangu hukumu.

Ebert alifariki mwaka 1925. Wananchi wakamchagua Paul von Hindenburg, jemadari mzee wa miaka 77 ambaye moyo wake ulibaki kwa Kaisari. Miaka michache ilipita kwa utulivu. Katika uchaguzi wa 1928 chama cha Hitler kiliambulia asilimia 2.6 tu ya kura.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1930, na hapa inafaa kwenda polepole. Uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka. Machi mwaka huo serikali ya mseto ya Hermann Müller ilivunjika kwa ugomvi kuhusu michango ya bima ya wasio na kazi. Ilikuwa serikali ya mwisho ya Weimar kusimama juu ya wingi wa kura bungeni. Hindenburg na washauri wake, hasa Jenerali Kurt von Schleicher, hawakutafuta wingi mwingine. Walitaka serikali isiyolitegemea bunge, wakamteua Heinrich Brüning. Mwezi Julai bunge lilikataa mpango wake wa fedha, naye akautoa kama amri chini ya Ibara ya 48. Tarehe 18 Julai bunge liliifuta amri hiyo, kama katiba ilivyoliruhusu. Siku hiyohiyo Hindenburg akalivunja bunge, na kabla mwezi haujaisha amri ikatolewa upya.

Ibara iliyowekwa kwa ajili ya maasi na umwagaji damu sasa ilipitisha bajeti. Uchaguzi uliolazimishwa, wa Septemba 1930, uliwapa Wanazi asilimia 18.3 na viti 107. SPD, kwa hofu ya kumfungulia Hitler njia, kiliamua kumvumilia Brüning, na bunge likazoea kukaa kimya. Mwaka 1931 lilitunga sheria 34, huku amri za Rais zikizidi 40. Mwaka 1932 lilikutana siku 13 tu na kupitisha sheria 5. Mtu asiye na kazi, na mwanzoni mwa mwaka huo watu hao walizidi milioni 6, aliona bunge lisilofanya lolote na amri za kupunguza mishahara na kupandisha kodi zikishuka kutoka juu. Aliyesimama jukwaani na kumwambia kwamba demokrasia ni maneno matupu hakupata taabu kuaminiwa. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba demokrasia ya Ujerumani ilianza kufa Januari 1933. Siku Hitler anaapishwa, bunge lilikuwa limekwisha pokonywa kazi yake kwa karibu miaka mitatu, tena na watu waliojiona ni walinzi wa dola.

Mwaka 1932 uliharibika haraka. Hindenburg alimshinda Hitler katika uchaguzi wa urais, kisha akamfukuza Brüning na kumweka Franz von Papen. Tarehe 20 Julai Papen, kwa saini ya Rais na kwa Ibara ya 48, aliiondoa serikali ya Prusia, jimbo lenye zaidi ya nusu ya watu wa nchi na ngome ya SPD. Polisi wake wakaangukia mikononi mwa serikali kuu. Safari hii haukuitishwa mgomo mkuu kama ule wa 1920. Kwa watu waliokuwa wakipanga foleni kutafuta kazi, kugoma kungekuwa na maana gani? Siku 11 baadaye Wanazi walipata asilimia 37.3 ya kura, kilele chao katika uchaguzi huru. Mwezi Novemba uchaguzi ulirudiwa wakashuka hadi asilimia 33.1, wakipoteza kura kama milioni 2. Hazina ya chama ilikauka.

Hitler, kwa hiyo, alipewa ukansela akiwa anashuka. Papen alikuwa amepokonywa nafasi ya ukansela na Schleicher, akataka kulipiza. Tarehe 4 Januari 1933 alikutana na Hitler mjini Köln, nyumbani kwa mwenye benki Kurt von Schröder. Hesabu yake ilikuwa kwamba Hitler ana umati, wahafidhina wana jeshi, mashamba na masikio ya Rais. Mwingize serikalini, mzungushie mawaziri wako, umtumie. Baraza lililoapishwa tarehe 30 Januari lilikuwa na Wanazi watatu tu. Lakini mmoja, Wilhelm Frick, alishika Wizara ya Mambo ya Ndani, na mwingine, Hermann Göring, alishika polisi wa Prusia, walewale waliochukuliwa kwa amri ya Papen mwaka uliopita.

Usiku wa tarehe 27 Februari jengo la Reichstag liliungua. Mholanzi kijana, Marinus van der Lubbe, alikamatwa humo ndani. Kesho yake Hindenburg alisaini amri chini ya Ibara ya 48 iliyozisimamisha zile haki saba kwa mkupuo. Barua na simu zingeweza kuchunguzwa, mtu angeweza kuwekwa ndani bila kufikishwa mbele ya hakimu, magazeti yangeweza kufungwa. Maelfu walikamatwa, Wakomunisti kwanza. Amri hiyo ilitajwa kuwa ya muda. Ilidumu hadi 1945, na vifungo vya kambini viliegemea juu yake.

Hata katika vitisho hivyo, uchaguzi wa tarehe 5 Machi uliwapa Wanazi asilimia 43.9, pungufu ya nusu. Hitler sasa alitaka sheria ya kuipa serikali yake uwezo wa kutunga sheria bila bunge wala Rais, hata zinazokwenda kinyume na katiba. Ilihitaji theluthi mbili. Wabunge 81 wa Kikomunisti walikuwa gerezani, mafichoni au wamekimbia, na hawakuhesabiwa. Göring, akiwa Spika, alibadilisha kanuni ili mbunge mwingine yeyote asiyehudhuria bila ruhusa ahesabiwe kuwa amehudhuria, kususia kusizuie kikao. Chama cha Wakatoliki, Zentrum, kikiongozwa na padri Ludwig Kaas, kiliahidiwa barua ya dhamana kutoka kwa Hitler. Kilipiga kura ya ndiyo. Barua haikufika.

Kikao kilifanyika tarehe 23 Machi katika ukumbi wa opera wa Kroll, wanamgambo wa chama cha Wanazi, SA, wakiwa wamejipanga ndani na nje. Otto Wels, mwenyekiti wa SPD, alisimama akasema kwamba uhuru na maisha yao wanaweza kunyang'anywa, lakini heshima yao hapana. Wabunge wote 94 wa SPD waliokuwamo walipiga kura ya hapana. Ndiyo zilikuwa 444. Kufikia katikati ya Julai chama cha Wanazi kilikuwa ndicho pekee kilichoruhusiwa na sheria, na Hindenburg alipofariki tarehe 2 Agosti 1934, Hitler aliunganisha urais na ukansela.

Wajerumani wa Magharibi walipoandika katiba mpya mjini Bonn, mwaka 1948 na 1949, walimnyima Rais uwezo wa kutawala kwa amri. Pia waliweka sharti kwamba bunge haliwezi kumwangusha Kansela bila kumchagua papo hapo wa kumrithi. Mmoja wa walioshiriki kuiandika ni Theodor Heuss, aliyekuwa mbunge wa chama kidogo cha kiliberali na aliyepiga kura ya ndiyo katika ukumbi wa Kroll. Septemba 1949 alichaguliwa kuwa Rais wa kwanza wa nchi hiyo, katika ofisi isiyokuwa tena na Ibara ya 48.